Fuvu la Mjomba Bouazza

Jumatano, 7 Juni
Imebaki wiki moja nitetee tasnifu, na leo meno mawili ya papa yameninyima raha. Madogo, kama punje za dengu. Moja nimelitoa kwenye udongo mkavu ndani ya pua ya fuvu ninalolisoma, la pili kwenye kisogo. Papa wa kisogoni ni wa tabaka la chini la mwamba, wa zama za dinosaria. Papa wa puani ni wa tabaka la juu — mamilioni ya miaka baadaye! Mnyama mmoja hafi mara mbili.

Labda nimechanganya vikopo. Hapana. Sijachanganya.

Miaka mitano namsoma huyu jamaa wa mamba wa baharini, aliyetoweka zamani. Kisogo cha kizamani, domo jembamba la waliokuja baadaye: ndiyo hoja yangu yote. Nimemwekea tawi lake mwenyewe kwenye mti wa ukoo, daraja kati ya waliotangulia maangamizi ya dinosaria na waliosalimika. Nikampa jina la Mjomba Bouazza, aliyemchimba na kumsafisha hapahapa Khouribga, mji wetu wa machimbo. Profesa Lahrach, msimamizi wangu, aliwahi kuuliza kama tumpige eksirei. Nikamjibu, ya nini? Fuvu limetoka nyumbani.

Alhamisi, 8 Juni
Pamba na asetoni, mbele kidogo ya matundu ya macho. Nikapaka, nikangoja, nikapaka tena. Pamba ikatoka na rangi ya manjano. Gundi! Chini yake mstari mnyoofu. Msumeno umepita.

Nimekaa sakafuni maabarani. Nilicheka kwanza. Kisha nikalia.

Ijumaa, 9 Juni
Chakula cha Ijumaa kwa mama, kuskusi. Mjomba yupo, kavaa joho jipya alilonunua kwa ajili ya siku yangu, anazunguka sebuleni kama bwana harusi. Sikungoja sahani iondolewe. Nikamsogezea puani picha ya ule mstari.

"Mjomba, fuvu hili ni la wanyama wangapi?"

Akaitazama huku anafinyanga tonge. "Wawili tu."

Tu!

"Uliniapia! Ulishika mkate, neema ya Mungu, ukaniapia!"

"Niliapa nimelichimba kwa mkono wangu. Uongo? Nimeyachimba yote mawili!" Akacheka peke yake. Kisha akaona uso wangu. "Binti yangu, ulikuja hapa unalia kwamba kila mwanafunzi ana kichwa kizima cha kusomea isipokuwa wewe. Mimi nina kisogo hakina pua, nina pua haina kisogo. Ningefanyaje? Karakana zote zinazouza mifupa hii zinamalizia vichwa. Nani anaweka sebuleni kichwa hakina pua?"

"Mimi sikutaka cha kuweka sebuleni!"

"Kula, mwanangu, kinapoa," mama akasema, bila kuniangalia. Nikamgeukia. Akafuta ukingo wa sahani, ingawa ulikuwa safi. "Mimi nilichekecha mchanga tu. Ule wa kupaka juu ya gundi. Ili usione."

Kwa chekeche la kuskusi! Miaka mitano nakula mbele ya watu hawa, nawasimulia ugunduzi wangu, wanaitikia mashaallah.

Nimeondoka na viatu mkononi.

Jumapili, 11 Juni
Nimesalitiwa. Naliandika neno hili nilione.

Angekuwa adui ningejua la kumfanya.

Jumatatu, 12 Juni
Mjomba kapiga simu. Hakuomba radhi. Kauliza kama Profesa anapenda keki za lozi. Kisha sauti ikashuka: wazee wa mtaa wote wanakuja, amewaambia kuna mnyama mwenye jina lake. "Hniya, usinivue nguo mbele za watu."

Na mimi nani atanivika? Nikisema, miaka mitano imekwenda na maji. Nikinyamaza, watafiti wengine watapanga ukoo mzima wa wanyama hawa kwa kuegemea gundi ya mjomba wangu. Nimemwandikia Profesa ujumbe. Nimeufuta. Nimeandika mwingine, nao nimeufuta.

Bado nampenda, mzee yule. Ndilo linaloniudhi.

Alhamisi, 15 Juni
Chuoni, chumba cha kungojea. Fuvu liko ukumbini, mezani, limefunikwa shuka la mama. Mjomba kakaa mstari wa mbele na sinia la keki mapajani. Nilipopita alinishika mkono, mkono wake baridi.

Meno ya papa yamo mfukoni, kwenye kitambaa.

Namsikia Profesa mlangoni. Anawakaribisha wageni. Anamwomba Mjomba asimame. Anasema bila mzee huyu sayansi isingempata kamwe mnyama huyu — kweli kabisa, Profesa! Wanapiga makofi. Mtu kapiga kigelegele. Ni mama, sauti yake naijua. Makofi hayaishi.

Sasa wananiita mimi. Nimekunjua kitambaa, meno ya papa yamo kiganjani mwangu, na Mjomba bado amesimama —