Picha ya Jicho la Mama Mshonaji

Shoga, nimeharibu! Nimejifungia chooni hapa kliniki.

Unamkumbuka yule mama mshonaji niliyemwambia macho yake yamechoka kwa uzee, yatapofuka polepole na hakuna dawa? Karudi leo. Ndipo nikampiga picha ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, kitu nilichopaswa kufanya siku ile ile.

Wala si uzee! Ni maji yamejikusanya nyuma ya jicho. Dalili zinafanana, lakini haya yanatibika. Yanatibika, shoga!

Nikamwambia ukweli, kwamba nilikosea mimi. Nilijua atanitukana.

Akanishika mkono. Vidole vyake vimejaa malengelenge ya moto. Akacheka huku analia: “Daktari, mwenzio nimekuwa nikipika nimefumba macho, nizoee upofu.”