Afro Iliyosinyaa Soni

Lushoto, Jumamosi, 10 Julai 1971

Sasa najua, afro haifai kwa nywele zangu. Si kwa baridi ya huku.

Kinyozi wa Tanga alizinyoosha kwanza kwa chanuo la moto, ndipo akazikata mviringo. Kwenye kioo nilijiona bibi harusi upya! Rashidi wangu, mume mzuri kuliko wote, alinishika mkono mpaka stendi.

Tulipofika Soni ukungu ukaingia basini. Nywele zikaanza kujikunja, zikasinyaa mpaka zikabaki fupi kama za mvulana wa shule.

Nyumbani nilimpigia mama mkwe magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akajibu, akamgeukia mwanawe. "Rashidi, mkeo umemsahau Tanga?"

Rashidi akacheka mpaka akashika ukuta. Na yeye ndiye aliyeutaka mkato huu! Mimi nilikubali ili nimpendeze.

Nywele zitaota. Mama nimeshamsamehe. Lakini kile kicheko...

Kabla ya kulala ameninong'oneza, "Vua basi hicho kitambaa ulichojifunga kichwani, mpenzi."

Kwa mara ya kwanza tangu tuoane, nimemkatalia.