Kitenge cha Kabini Namba Nne

Mjukuu wangu Sifa,

Barua hii sikuifunga. Nimemwambia Mama Zaina, jirani yetu anayeniandikia, asiipake gundi, ili kila mkono utakaoipitisha uisome kwanza. Na mtu wa redio ameniahidi kuisoma kesho asubuhi pamoja na matangazo ya misiba. Ukiisikia huko Moba kabla ya kuipata, usione haya. Haya nimeibeba mimi.

Simu yako imezimwa tangu Jumapili. Meli yenu inapakia Moba, na Ijumaa itaondoka kurudi huku Kalemie. Leo ni Jumanne. Papa Kasongo anaondoka kesho na boti yake ya mashine, atafika mbele ya Ijumaa, Mungu akipenda na mashine ikipenda. Atakupa barua hii na furushi. Ndani ya furushi mna kitenge. Unakijua.

Unakumbuka kitanda cha kwanza ulichotandika? Mama yako alikuwa amezikwa wiki ile, na wewe ulikuwa unatembea nyuma yangu nyumba nzima umeshika nguo yangu. Sikujua nikufanyie nini. Mimi sikukaa darasani hata siku moja, lakini mashuka nayajua: nilifua ya masista ujana wangu wote. Nikakwambia, njoo nikuonyeshe namna ya kukunja pembe. Ulikunja, ukakunjua, ukakunja tena, ulimi nje. Tulipomaliza ukarudi nyuma ukakitazama. Ukauliza, "Koko, kimenyooka hivi, sasa nani atakilalia?" Nikasema, "Hakuna. Tutalala chini, tukitazame." Ukacheka. Tangu msiba, ilikuwa mara ya kwanza kucheka.

Kwa hiyo walipokuchukua kwenye meli kutandika kabini, sikushangaa. Watu wa hapa walisema, mutoto wa watu anaenda kuokota matapishi ya wageni. Nikawajibu, matapishi yenu wenyewe nani anayaokota? Kazi ni kazi. Na wasafiri walikuona. Kila ulipoteremka ulikuwa na kitu mkononi, matabishi, shukrani ya mtu aliyelala vizuri. Yule bibi arusi aliyekukatia nusu ya sabuni yake ya harufu, kwa kuwa ulimfungia mlango shangazi zake waliposhinda wanamsema. Yule mama wa Kabimba aliyekuachia chupa ya mawese. Na mzee wa Moba aliyekusubiri nje ya geti la bandari na kuku kwapani, akakwambia, "Binti, miguu yangu ilikuwa imevimba, wewe ukaniinulia godoro bila kuombwa." Kuku yule tulimpa jina Kabini. Bado anataga, na bado anadhani jiko langu ni lake.

Zawadi zile zote nilizila, nilizioga, nilizipaka. Hakuna hata moja iliyonikosesha usingizi.

Sasa nikukumbushe neno ambalo nilikwambia ukiwa mdogo, halafu mimi mwenyewe nikalikanyaga. Koko wangu mimi alivuka ziwa hili kwa mtumbwi wa makasia. Alisema anayekuvusha hupewa chake mkiwa mmeteremka, miguu yote miwili ikiwa kwenye mchanga. Hapo unamshukuru. Ukimpa mkiwa bado majini, au kabla ya kupanda, hujamshukuru kwa lolote, maana hajakufanyia lolote. Unanunua macho yake. Koko alikuwa na chumvi, na aliishika mkononi njia nzima hadi ikalowa jasho, hakuitoa hadi alipokanyaga.

Ndiyo sababu nilikufanyia vile Kigoma, uliponipeleka nikatolewe utando wa jicho. Ulinitandikia kitanda kama cha waziri. Ulinishikia ndoo. Mimi nimefungwa jicho lile bovu lisipigwe na upepo, natapika, nakutukana, wewe unacheka tu. Tulipofika nikakusimamisha mchangani mbele ya wapagazi, nikakupa ndizi mbili na kitambaa changu cha kichwa. Ukasema, "Koko, hata wewe?" Nikasema hata mimi. Abiria ni abiria. Wapagazi wakatucheka, mmoja akauliza kama na yeye anaweza kunitandikia.

Lakini safari ile kuna kitu nilikificha. Mtu aliyefungwa jicho anasikia sana. Nilisikia ule ujia wa kabini ulivyo mwembamba. Kila mtu aliyepita alikuwa anagusa kuta zote mbili na mabega. Nilikuuliza, "Watu wote hawa wanatokea wapi?" Ukasema, "Mulango ni mumoja, Koko. Pale kwa jiko." Nikatega sikio. Jikoni kwenu nilisikia mbabula mbili, majiko ya chuma, zinapulizwa, na makaa yanapasuka.

Halafu ukaja na kitenge.

Ilikuwa msimu wa mvua. Uliingia umelowa, lakini furushi lilikuwa kavu, ulilificha chini ya blauzi. Buluu, yenye majani mekundu, kipande kizima. Mimi kitenge kizima sijawahi kupewa na mtu yeyote, hata na babu yako, Mungu amrehemu, ambaye mkono wake ulikuwa mzito mpaka kaburini. Ukasema:

"Yule muntu wa kabini namba ine njo alinipatia, Koko. Mbele ya kuondoka."

Ukarudia, ukimaanisha kabla meli haijang'oa nanga. "Mbele ya kuondoka."

Ukanitazama. Sifa, ulikuwa unaniuliza. Ulikuwa umesimama pale mlangoni, maji yanakutoka, unangoja niseme neno la Koko wangu. Nililisikia swali lako. Jicho langu lilikuwa limepona, niliuona na uso wako. Na mimi nilikuwa nimeshakizungusha kiunoni.

Nikakwambia, "Mukono wa kutoa haurudishwi, mwanangu."

Neno lile hakulisema mkubwa yeyote. Nililitunga saa ileile, kwa sababu ya majani mekundu. Mama Zaina ananiuliza kama kweli niliandike hili. Nimemwambia aandike, na kwa wino.

Nilikivaa kanisani. Nilikivaa kwenye arusi ya mtoto wa Papa Kasongo. Mara ya tatu nilitaka kukinyoosha, nikaweka makaa ndani ya pasi, nikagusa kitambaa. Harufu ikapanda. Nikadhani ni makaa mabaya. Nikanyanyua pasi, nikainama. Sifa, kitenge kilikuwa kinanuka esansi, petroli yenyewe. Nilikuwa nimekifua mara mbili. Nikakifua mara ya tatu kwa majivu na ndimu, nikakianika siku mbili juani. Pasi ilipogusa, harufu ikapanda tena kutoka ndani ya nyuzi.

Ulipokuja nikakuuliza. Ukacheka, lakini macho yako hayakucheka. "Ni harufu ya meli, Koko." Nikakubali. Nilitaka kukubali. Usiku ule ulinawa mikono mara nyingi kuliko mtu anayekwenda kula ugali, nikaona, nikageukia sufuria.

Jumamosi hii iliyopita Mama Salome, yule anayeuza mikeke, samaki wa ziwa letu, karibu na daraja, ndiye aliyenimaliza. Alirudi na meli yenu safari iliyopita. Hakujua kwamba wewe ni wangu. Anasimulia watu, huku anapanga samaki, kwamba alilala kabini namba tano na mtoto mgongoni, akaamka kichwa kinapasuka. Nyuma ya ubao wa kitanda, upande wa namba nne, meli ikiinama anasikia maji yanacheza, ploko, ploko. Akadhani meli inavuja. Akamwita binti wa kabini. Binti akaja, mpole, akamletea maji ya kunywa, akamwambia, "Mama, si maji. Lakini usiwashe kibiriti humu. Na mume wako asivute sigara kwenye ujia. Tafazali."

Mama Salome akasema, "Binti muzuri kweli yule. Nilimwachia mikeke mitano."

Watu wakacheka. Mimi nikaketi juu ya ndoo ya mtu.

Kwa hiyo unajua. Unajua kuna bido, madumu ya esansi, chini ya vitanda vya namba nne, watu wamelala pembeni yake, na jiko linawaka kwenye mlango ule mmoja. Hukulitaka jambo hili. Najua hukulitaka, maana mtu mbaya hawezi kwenda mlango kwa mlango akisema tafazali. Unazima viberiti vya watu kimoja kimoja kwa mikono yako miwili. Mwanangu, meli nzima ina vidole vingapi?

Tangu siku hiyo kila ninachogusa kinanuka. Ziwa limetulia siku tatu, halina hata mkunjo, na sipendi. Jana mtoto wa jirani aliwasha kibiriti kuchoma takataka, nikapiga kelele hadi watu wakatoka nje. Nimeanza kuwahesabu watu wanaoshuka bandarini kutoka boti nyingine, kina mama na vibunda vyao vya muhogo, nikijiuliza yupi angeketi wapi.

Basi sikiliza. Sikuambii kama mtu asiye na kosa. Nakuambia kama mtu aliyekivaa.

Kitenge umpe yule mtu wa namba nne mwenyewe, mkononi. Usimwachie kitandani kama matabishi. Jina lake silitaji, yeye analijua. Mwambie, "Koko wangu amekirudisha, hakikumkaa vizuri." Halafu nenda kwa kapiteni, si kwa wasaidizi wake, nenda wakati watu wengi wanapakia na wanaweza kusikia, ufungue mlango wa namba nne uache wazi. Usiseme maneno mengi. Harufu itasema. Kama kapiteni naye alipewa kitenge, basi wewe umeshaufungua mlango, na abiria wana pua.

Wakikufukuza, wakufukuze. Utauza mandazi, utafua mashuka ya masista, utanisumbua hapa nyumbani. Wakikuambia umeharibu biashara ya watu, waambie waje kwangu. Niko nyumba ya bati la kijani, mlango uko wazi, na mwiko ninao.

Na kama hawatoi bido zile, usipande. Hata kama wote wanapanda, hata kama wanakuita mwoga. Kaa Moba kwa mzee wa kuku, atakupokea, yeye anajua namna ya kushukuru. Lakini kabla ya kukaa, wasimamie abiria pale kwenye ngazi, uwaambie wote ulichomwambia Mama Salome. Usiwanong'oneze. Ulinong'ona vya kutosha, na mimi nilivaa vya kutosha.

Papa Kasongo anasema maneno haya yatakuletea hatari. Huenda. Nimekaa na neno lake tangu asubuhi. Nikiiweka hatari hiyo upande mmoja, na ule ujia mwembamba upande wa pili, mkono wangu unashuka upande ule ule kila mara.

Ijumaa sitakwenda bandarini kuingoja meli. Siwezi kusimama pale natazama moshi na kujiuliza ni moshi gani. Nitakaa nyumbani, na nitafanya jambo ambalo katika miaka yote hii sikulifikiria. Umetandikia watu vitanda kutoka hapa hadi Kigoma, wagonjwa, maharusi, wezi, mimi. Nani amewahi kukutandikia wewe? Leo asubuhi nimetoa godoro lako nje, nimelipiga fimbo, nimeweka shuka jeupe la masista nililolificha kwa ajili ya maziko yangu. Nimekunja pembe zote nne. Pembe moja imepinda kidogo, usiicheke.

Hiyo ndiyo matabishi yako kutoka kwangu, na haitolewi majini. Utaipata ukishafika na miguu yote miwili mchangani.

Hakuna anayekalia kitanda chako. Kuku Kabini alijaribu, nimemfukuza. Kimenyooka sana, Sifa, na kitanda kilichonyooka namna hii ndani ya nyumba kimya kinanitisha. Njoo ukivuruge.

Mimi, Koko wako, niliyekivaa kitenge kabla ya kukuuliza