Mkeka wa Mama Sitawapa

Mama,

Nakusalimu mimi kwanza, kabla wengine hawajaniwahi. Tangu tulipokuzika nimekuwa wa mwisho katika kila jambo lako. Siku ya maziko nililia, lakini Somoe wa mtaani kwetu alilia zaidi, akashikwa huku na huku, na wageni wa Msimbati wakampa yeye pole wakidhani ndiye mwanao. Mimi nilikuwa uani natafuta sufuria za kupikia hao wageni.

Mambo yamebadilika. Njia ya kwenda pwani siku hizi inaitwa Njia ya Bi Hadija. Watoto wachanga wanapewa jina lako, hata wa watu usiowajua. Wenye simu za mkononi wanaelekezana kwa jina lako. Kila mmoja anasema "mama yetu," nami nauliza kimoyomoyo, wenu tangu lini?

Najua tangu lini. Tangu yule tajiri alipoziba njia kwa seng'enge, wanawake mkakosa pa kupita kwenda kuokota chaza maji yakitoka. Vijana walishika mapanga wakaukate ule waya. Ukawaambia, "Rudisheni mapanga nyumbani. Sisi tutakaa matanga." Mkatandika mikeka mbele ya geti, mkajitanda kanga, mkanyoosha miguu, kimya. Mgambo walikuja na virungu wakabaki wamesimama. Nani atampiga mwanamke aliyekaa matanga? Mmoja alivua kofia akasema poleni. Wapita njia nao wakaamini kuna maiti kweli, wakaleta kuni na unga wa muhogo, na mzee mmoja akauliza kaburi linachimbwa wapi. Mlikaa hivyo mpaka seng'enge ikang'olewa, na hakuna aliyeumizwa, si wenu wala wao.

Hayo wanayasimulia kila mwaka. Hakuna anayesimulia kwamba siku zile mimi nililala kwa jirani. Ukirudi, sauti yako yote ya upole ilikuwa imeshaishia getini, na mimi nikaambiwa nikalale. Naona wivu, mama. Umekufa na bado nakuonea wivu.

Sasa wiki iliyopita Somoe amekuja na kina mama wenzake. Wanautaka mkeka wako, ule wa getini, wautundike ukutani kwenye ofisi ya mtaa. Somoe akaniambia, "Dada, ule mkeka si wa mtu mmoja."

Si wa mtu mmoja! Tumeulalia mimi na wewe. Ulipokuwa ukiusuka uliniachia ukili mmoja, utepe wa miyaa, nijifunze, nikausuka ukapinda. Nilikuomba uufumue, ukakataa, ukaushona vilevile katikati. "Uache," ulisema. "Nikiukalia nitajua niko na nani." Hilo Somoe halijui, na sikumwambia. Nilisema mkeka sitoi, wakaondoka wamenuna.

Halafu juzi watu wengine wamekuja kupima ufuko. Vigingi vimeshapigwa katikati ya njia yako, na waya umeshushwa pembeni. Nilisikia kina mama wamekwenda kukaa. Nikaukunja mkeka, nikauweka kichwani, nikaenda.

Nilimkuta Somoe amekaa mahali pako hasa, kwenye mchanga mtupu. Nilisema, "Sogea." Akasogea. Nikatandika, nikanyoosha miguu, nikaukalia ukili wangu uliopinda. Jua lilikuwa kali. Mgambo walitutazama, nasi tukatazama chini. Nilimwacha Somoe kwenye mchanga wa moto, na sitakudanganya, nilifurahi kumwona akihamisha makalio huku na huku. Lakini mkeka wako ni mpana, mama. Sijui kwa nini uliusuka mpana hivyo, na sisi tulikuwa wawili tu.

Mwishowe nikapigapiga mkeka kwa kiganja, aje akae. Alikaa upande wa kule. Alikuwa analia, safari hii bila sauti, na hakukuwa na mtu wa kumshika ila mimi. Nikamshika.

Kesho tunarudi. Nakuahidi sitamwinulia mtu mkono, si mgambo, si Somoe, na mkeka hautapanda ukutani maadamu kuna mahali pa kuutandika. Wengine nitawapa nafasi. Pale katikati, penye ukili uliopinda, hapakai mtu ila mimi.

Lala salama, mama.

Mwanao wa kumzaa,
Sharifa