Rangi Ilipochuruzika Mbele ya Wageni wa Nekesa

Mpendwa Baba Nekesa,

Sijui kama habari hufika huko uliko, lakini hii sitaki uipate kwa mdogo wako Wafula, maana ataikatakata na kujiweka katikati. Binti yetu ameposwa. Na mimi mkeo, katika umri huu, nilipaka nywele rangi nyekundu. Tulia nikueleze.

Tulipokuzika kwenu Bungoma, siku ya kunyoa shangazi zako walinikalisha kwenye mkeka nyuma ya nyumba, wembe ukapita kichwani. Sikukataa. Nilikuwa nakulilia, nywele zilikuwa kitu cha mwisho kufikiria. Nikarudi Voi na kichwa kama yai. Zilipoota tena, Baba Nekesa, ziliota nyeupe pe. Zile mvi chache ulizokuwa ukinitania nazo zilikuwa zimekwenda kuita ukoo mzima. Vijana sokoni wakaanza kuniita shosho, kama bibi kizee, na mimi nikaanza kufunga kitambaa hata nikiwa peke yangu nyumbani.

Ile rangi nyeusi ya unga sikuthubutu kuigusa. Unakumbuka harusi ya dada yangu kule Mbololo? Niliipaka jioni, asubuhi nikaamka macho hayafunguki. Wewe ukakaa kando ya kitanda ukinikanda kwa kitambaa cha maji baridi, unajitahidi kunihurumia huku kicheko kinakushinda. "Mama Nekesa, umeumuka kama mandazi," ulisema. Tulipanda mlima hivyo hivyo, umenishika mkono, na kila aliyenikodolea macho ulimwuliza kama amepoteza kitu usoni pangu. Siku ile nilijivunia kuwa mkeo kuliko siku niliyovaa shela.

Wewe ndiwe uliyekuwa mdomo wa nyumba hii. Kwenye mkutano wa wazazi, kwenye harambee, kanisani, mimi nilikunong'oneza na wewe ukasimama. Watu walikusifu kwa busara zako, nami nilitazama chini nikitabasamu, kwa sababu nusu yake ilitoka kwangu. Sikuwahi kuona haja ya kusimama mwenyewe.

Basi Nekesa akaniambia wageni wanakuja, ukoo wa Mwakio, kutoka Njukini. Mwakio mwenyewe ni kijana mzuri, ungempenda. Anasikiliza kabla ya kujibu. Lakini wazee wake walitaka harusi Desemba hii na bibi arusi ahamie kwao, na binti yetu bado ana mwaka mmoja wa uuguzi.

"Mum, nikiondoka saa hii, sirudi darasani," aliniambia. "Uncle Wafula hatawaambia hivyo. Yeye anataka tu mambo yaishe. Waambie wewe."

Wafula alifika na mkoba wake wa safari, akanitazama kichwani, akasema kwa upole kabisa, "Shemeji, wewe utakaa tu na akina nyanya. Haya maneno tutayabeba sisi wanaume." Nilimkaribisha chai. Ndani nilikuwa nimechemka kuliko hiyo chai.

Nekesa ndiye aliyeleta kile kikopo. Rangi laini kama mafuta ya nywele, unapaka tu, hakuna kuchanganya dawa. "Hii ni ya kuosha, Mum. Ukichoka nayo, inaenda na maji." Aliijaribu kwanza nyuma ya sikio langu, tukasubiri mchana mzima kama nitaumuka. Sikuumuka. Akanikalisha kwenye kigoda jikoni, shati lako kuukuu la reli mabegani, akavaa glavu zake za hospitali, akaanza kunipaka kishungi baada ya kishungi. Rangi yenyewe ilikuwa damu ya mzee. Nilipojitazama kwenye kioo nilicheka hadi machozi, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimejipenda.

Kosa letu lilikuwa maji. Nywele tulikuwa tumeziosha kwa maji ya bomba, na unayajua maji ya Voi, chumvi tupu, sabuni haitoi povu. Wewe ulikuwa ukiniletea mtungi wa maji ya mlimani kwa baiskeli, ya kuoshea nywele tu, na majirani wakakuona umerogwa. Safari hii hakuna aliyekumbuka. Rangi ilikaa juu ya chumvi, haikushika nywele.

Wageni wakaja, sebule ikajaa, mabati yakawaka. Baada ya chai Wafula akasimama, akakohoa. "Sisi upande huu hatuna neno. Hata Desemba ni sawa."

Nikamwona Nekesa mlangoni pa jikoni, ameshika sinia. Nikasimama. Kabla sijafungua mdomo, shangazi wa Mwakio akaruka kitini. "Mama! Unatoka damu!"

Nikagusa shingo, vidole vikarudi vyekundu. Jasho lilikuwa limeiteremsha rangi yote hadi kwenye kola yangu nyeupe. Wafula akafumba macho. Ningeweza kukimbilia chumbani, Baba Nekesa, na hakuna ambaye angenilaumu. Nikachukua kitambaa cha sinia, nikajifuta shingo, paji na nywele, mbele yao wote.

"Si damu, ni rangi," nikasema. "Nilitaka mnione kijana. Nywele zangu ni nyeupe, ziliota hivi baada ya kumzika mume wangu. Sasa mmeniona, tuongee. Nekesa hataolewa Desemba. Atamaliza masomo yake kwanza, avae sare yake, ndipo mje mumchukue. Mwakio akimpenda, atangoja."

Mwakio akasema, "Nitangoja," kabla hata hajaulizwa. Shangazi yake akacheka, akaja kunisaidia kufuta kisogo. Lakini mzee wao hakucheka. Akamgeukia Wafula. "Mzee, wewe umesema Desemba. Mama amesema mwakani. Sisi tushike neno la nani?"

Wafula akaitazama kola yangu. Kisha akaketi. "Shikeni la Mama Nekesa," akasema. "Binti ni wake."

Jioni ile niliiosha iliyobaki, ikaenda na maji kama nilivyoahidiwa. Kitambaa sijakifunga tena nikiwa nyumbani, na sokoni nikiitwa shosho naitika. Nakukosa, hasa asubuhi. Lakini najionea fahari, nami naona si vibaya nikikuambia wewe kwanza. Hakuna aliyeninong'oneza siku ile, na maneno yalitoka.

Pumzika vyema, mume wangu. Nekesa anarudi darasani Jumatatu.

Mkeo,
Mama Nekesa