Mashine Inayoridhika Haraka

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nilikwenda mjini, Daraja Mbili, nikiwa nimejinoa kwa vita! Dk. Khalfani, anayetafiti maumivu ya kichwa, aliniita nikague Kiswahili cha maswali yake. Nimetoka nimevutiwa. Kishikwambi chake hakiulizi watu wote maswali yaleyale—jibu lako ndilo linalochagua swali linalofuata. Ukionyesha kichwa kinakutesa, kinachimba zaidi. Ukionyesha hujambo, kinaridhika na kukuaga. Wahariri wangu wa gazetini hawajawahi kunisikiliza hivyo!

Jumatano, 5 Juni
Akheri, mlimani, kwa mdogo wangu Hanna. Ukungu mpaka mlangoni. Brenda, binti anayemsaidia Khalfani utafiti, akaanza kumhoji kwa kishikwambi. Kichwa kilikuzuia kufanya kazi? Hapana. Ulilazimika kujilaza mchana? Hanna akacheka: nijilaze mchana, majirani waje wakidhani kuna msiba? Maswali manne tu—kwisha! Athari: ndogo.

Ndogo! Amekaza khanga kichwani mpaka mishipa imesimama! Na wenye athari kubwa ndio watakaoonwa na daktari bingwa Jumatano ijayo. Siku moja tu, basi anaondoka. Nikafoka. Hanna akasema, "Dada, acha vita vyako. Ng'ombe amekula, watoto wamekula. Kichwa kimenizuia nini?"

Alhamisi, 6 Juni
Nimemvamia Khalfani. Nikamwambia mashine yake imefundishwa na watu wenye nafasi ya kujilaza. Huku mlimani anayejilaza mchana ni mzazi aliyetoka kujifungua au mfiwa! Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha: "Mama, hiyo ni makala. Mimi nipe swali."

Nimerudi nyumbani bila swali. Mimi!

Jumapili, 9 Juni
Kanisani na Hanna. Tarumbeta zikaanza. Nikamtazama pale kwenye kwaya, mdomo wazi—sauti haitoki. Wimbo mzima! Nikambana nje. Tangu Kwaresima haimbi. Sauti zikipanda, anahisi jicho la kushoto linataka kutoka. Anachezesha midomo tu. Nani anajua? Hakuna. Hata Frederick, mumewe. Sasa kwa nini usibaki nyumbani? "Wataniuliza."

Nimelipata swali! Tusiulize kichwa kimemzuia nini. Tuulize anaendelea na nini huku akijifanya mzima. Nimempigia Khalfani hapohapo, kengele ikilia.

Jumanne, 11 Juni
Khalfani anasema swali jipya haliingii kwenye mahesabu kabla ya kujaribiwa kwa watu wengi. Ana hoja, tena nzuri—inaudhi! Tumebishana mpaka chai ikapoa. Mwafaka: Brenda ataliuliza kwanza, lisihesabiwe, kisha mashine ianze upya. Hanna akijibu kama wiki iliyopita, daktari bingwa atampita. Nina furaha kama nimeshinda, na sijashinda kitu.

Jumatano, 12 Juni
Daktari bingwa yupo zahanati hadi jioni. Sisi kwa Hanna. Brenda akauliza: kuna jambo unaendelea kulifanya huku ukijifanya mzima?

Hanna akanitazama kama anayemtazama msaliti. Shemeji Frederick, mlangoni na mzigo wa majani ya ng'ombe, akamjibia: "Huyu? Huyu chuma, binti! Haugui huyu."

"Baba Aika, toka nje," Hanna akasema. "Na wewe dada. Toka."

Tumekaa kwenye ngazi, naandika magotini. Frederick ananiuliza kuna nini huko ndani. Nimemwambia akamuulize mkewe. Dirishani namsikia Brenda: swali la tano—safari ile yalikwisha kwa manne. Hanna anajibu, sauti ya chini, siyapati maneno. La sita. Frederick ameutua mzigo. La nane—na mashine bado inauliza.