Sauti Katika Waya wa ShiMutale

Nchelenge, ng'ambo ya ziwa Mweru

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Na wewe Feza, dada yangu, unayemsomea Mama barua hii, nakusalimu pia. Soma polepole, usiruke neno. Mnaendeleaje? Safari hii siulizi kwa mazoea.

Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ya kutengeneza redio inanilisha. Mwezi huu nilimfungia muziki ShiMutale, mchuuzi wa samaki, ambaye alinunua gramafoni, ampli ya kukuza sauti na spika mbili huko Kitwe. Kwanza nilipanga vyote juu ya kabati moja ili viwapendeze wageni. Uvivu wangu huo. Alipoongeza sauti, spika zilitikisa kabati, sindano ikatetemeka juu ya disiki, na nyumba nzima ikanguruma kama ng'ombe mgonjwa. Nikahamishia gramafoni chumba cha ndani. Ampli na spika zikabaki sebuleni. Waya unaofaa kazi hiyo, wenye koti la nyuzi za shaba, ulikuwa mfupi, haukufika sebuleni. Basi nikaunga waya mtupu wa taa, usio na koti hilo, nikaupitisha chini ya mabati. Muziki ulitoka vizuri, nikala ubwali, ugali wa huku, na samaki, nikaenda zangu.

Siku ya tatu mkewe, BanaMutale, alinifuata kibandani kwangu. Hakutaka hata kukaa, alitaka nikaondoe mtambo wangu.

"Fundi, kuya utoshe kintu yako. Iko nasema yeye peke. Disiki hakuna."

"Iko nasema nini?"

"Majina. Iko naita bantu majina, mu Swahili ya kwenu."

Nilicheka, Mama. Nilimweleza kwamba waya mrefu ukiwa mtupu hunasa redio za watu, kama wavu unavyonasa takataka. Hakucheka. Nilimfuata nyumbani jua likishukia ziwani. Gramafoni ilikuwa imefunikwa kitambaa, haizunguki. Spika alikuwa amezigeuza zitazame ukuta.

Ndani ya spika hizo mwanamume alikuwa anasoma, taratibu, bila huruma wala haraka. Zilikuwa komunike, matangazo ya misiba kutoka redio ya upande wetu: majina ya marehemu, kisha majina ya wafiwa. Sauti ilikuja ikaondoka, ikaja tena. Halafu ikasema wazi, "mjane Ngoie, mtaa wa reli, Likasi." Jina lako, Mama, na mtaa wako. Kisha ukaja mvumo kama wa upepo, na mtu yule hakurudi.

"Ni nani ule?" BanaMutale aliuliza.

"Ni mama yangu."

Alinisogezea kiti, akaniwekea maji.

Sikusikia kama ulisomwa kati ya waliokufa au kati ya wanaolia. Na kama unalia, unamlilia nani? Watoto wako ni mimi na Feza tu. Naogopa, Mama, sitaficha.

Siku mbili zaidi nilirudi saa ile ile, tukakaa wawili tukizisikiliza spika zilizotazama ukuta. Yalikuja majina ya watu wengine. BanaMutale alinionea huruma, lakini watoto wake hawakutaka tena kulala mule. Jana nilikata ule waya. Nikahamishia ampli chumba cha ndani, karibu na gramafoni, nikaviunganisha kwa kipande kifupi chenye koti, na spika ndizo nikazipa waya mrefu. Sasa pako kimya. Nyumba yao imepona, mimi ndiye ninayesikia majina hata nikiwa kazini.

Najua desturi yetu: aliye mbali haambiwi msiba kwa barua. Baba alipokufa mliniandikia kwamba ana homa kidogo, kumbe alikuwa ameshazikwa. Siwalaumu, lakini tangu siku ile nikisoma "sisi wote wazima" moyo hautulii. Ningekuja mwenyewe, ila karatasi zangu za mpaka bado hazijatoka.

Basi fanyeni hivi. Feza aandike jibu kwa mkono wake, naujua mwandiko wake uliolala kushoto. Nawe Mama, paka kidole gumba masizi ya sufuria, ukikandamize chini ya maneno yake. Mchukuzi wa barua hii atasubiri jibu.

Nisalimieni mjomba wa reli, na shangazi muuza mikate. Hao wasiandike chochote. Nikipata mwandiko bila kidole, au kidole bila mwandiko, nitaelewa.

Ni mimi Kisimba, mwenye mama na dada mpaka jibu lifike.